Tazama Upande wa Pili wa Chuma Kabla ya Kuwasha Moto

Wewe unayeanza kazi ya kuchomelea melini utafundishwa mapema kushika tochi ya gesi, kuchagua vijiti na kuvuta mshono ulionyooka. Ninachotaka kukuongezea, baada ya miaka mingi ya kutengeneza meli Mombasa, ni kwamba moto wa kuogopwa zaidi si ule unaouona mbele ya miwani yako, bali ni ule unaoweza kuanza upande wa pili wa chuma unachokichoma.

Katika mwaka wangu wa pili nilipewa kazi ndogo ya kuchomelea kishikizo cha bomba kwenye ukuta wa chumba cha mashine. Kibali cha kufanya kazi ya moto kilikuwa kimetiwa saini, kizima moto kilikuwa karibu na miguu yangu, na msaidizi alisimama nyuma yangu. Hakuna aliyekuwa amefungua mlango wa stoo iliyopakana na ukuta ule. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, alipoingia humo kutafuta kamba, alikuta rangi imevimba na kupasuka, doa jeusi la ukubwa wa sahani, na chini yake gunia la matambara yenye mafuta likifuka moshi. Alilimwagia maji likazimika. Muda wote huo mimi nilikuwa bado nachomelea, wala sikujua lolote.

Tangu siku ile siwashi moto kabla sijazunguka mwenyewe. Ukuta una nyuma yake, sitaha ina chumba chini yake, na dari ina kitu juu yake. Huko kote tazama rangi, nyaya, mabomba ya mafuta, mbao, na hasa povu la kuzuia joto lililofichwa nyuma ya mabati ya urembo, kwa sababu chuma hupitisha joto bila kuonyesha alama yoyote upande wako. Kinachoondoleka kiondolewe, kisichoondoleka kifunikwe kwa blanketi lisiloshika moto, na mlinzi wa moto wa pili, yaani mtu wa kuangalia moto usianze, asimame huko akiwa na redio na kizima moto. Cheche nazo husafiri mbali kuliko unavyodhani: kanuni za kazi za Marekani huhesabu mita 11 kila upande, na melini cheche ikipata tundu la bomba au falka (mlango wa sitahani wa kushukia chini) iliyo wazi, hushuka hadi vyumba vya chini kabisa.

Meli ya Normandie, mojawapo ya meli kubwa kabisa za abiria za zama zake, iliungua New York tarehe 9 Februari 1942 ilipokuwa ikigeuzwa kuwa ya kubeba wanajeshi. Mafundi walikuwa wakikata nguzo za chuma ukumbini, na cheche zikaruka kwenye marundo ya jaketi za kujiokolea zilizojazwa sufi. Sisi wa pwani tuliolalia mito ya sufi tunajua jinsi inavyoshika moto upesi. Mfumo wa meli wenyewe wa kuzima moto haukuwa ukifanya kazi, na maji mengi yaliyomwagwa na wazimamoto yaliielemeza upande mmoja hadi ikapinduka gatini usiku uleule. Kwa hiyo meli ikiwa chelezoni, yaani imetolewa majini ili itengenezwe, ambako pampu zake haziwezi kuvuta maji ya bahari, usikubali kuonyeshwa mpira wa maji uliokunjwa vizuri. Omba ufunguliwe, uyaone maji yakitoka.

Matangi yanahitaji subira zaidi. Tangi lililooshwa likakauka bado huwa na mashapo na kutu vilivyonyonya mafuta, navyo vikipata joto hutoa mvuke upya. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi hakitoshi kwa kazi ya alasiri. Hewa ipimwe juu, katikati na chini, oksijeni iwe karibu asilimia 21, na mvuke unaoweza kuwaka uwe chini ya asilimia 1 ya kiwango ambacho huanza kuwaka. Oksijeni ikizidi, usifurahi, kwani huenda mpira wako wa oksijeni unavuja, na katika hewa ya namna hiyo hata ovaroli huwaka kwa kasi ya kutisha. Mkitoka kwenda kula, mipira ya gesi itolewe nje ya tangi na mitungi ifungwe. Kufunga vali za tochi peke yake hakutoshi. Usijipanguse vumbi kwa kupuliza oksijeni kamwe, ingawa utawaona wakongwe wakifanya hivyo.

Klempu ya arthi, kibanio kinachorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, nayo ifungwe karibu kabisa na mahali unapochomelea, la sivyo umeme utajitafutia njia kupitia kamba za chuma na beringi, na kupasha joto mahali usipopatazama.

Kazi ikiisha, mlinzi wa moto abaki nusu saa kwa uchache. Mimi hudai saa nzima, na msimamizi akinung'unika kwamba muda unapotea, humwacha anung'unike. Katika saa hiyo hakikisha vitambua moshi vilivyozimwa kwa ajili ya kazi vimewashwa tena. Kisha nenda upande wa pili, sogeza mgongo wa mkono taratibu karibu na chuma, usikilize joto. Ukihisi joto lolote, kaa hapo. Kikishapoa kabisa, ndipo utie saini ya kufunga kibali.