Kahawa, adenosini na askari wa mwili
Umeuliza kama kahawa huongeza kinga, kwa kuwa kafeini huzuia adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza seli. Swali zuri, ila jibu langu ni hapana.

Adenosini ina vipokezi vinne (sehemu za seli zinazopokea ishara yake): A1, A2A, A2B na A3. Kwenye kinga, cha kutazama zaidi ni A2A, kilichopo juu ya seli T, askari wa kinga. Tishu ikiumia, seli humwaga nje ATP, molekuli ya nishati. Vimeng'enya CD39 na CD73 huikata hadi ikawa adenosini. Hiyo ikinasa kwenye A2A, cAMP, molekuli ya kupeleka ishara, hupanda ndani ya seli T na mashambulizi hupoa. Ni breki, na tunaihitaji sana: mwaka 2001 watafiti Ohta na Sitkovsky walionyesha kuwa panya wasio na A2A walipata inflamesheni kali (mashambulizi ya kinga) iliyoharibu ini.

Tatizo ni saratani. Ndani ya uvimbe wa saratani adenosini hujaa, askari wakifika wanalegea. Ndiyo maana dawa za kuziba A2A zinajaribiwa kwa wagonjwa.

Kafeini nayo huziba A2A, lakini kwa udhaifu na bila kuchagua mahali. Kunywa kahawa uchangamke, ila tafadhali usimpe mgonjwa wa saratani kama tiba.