Re: Fender Jazz Bass ya 1961 inauzwa, ninunue?

Mkuu, kwa kuwa muuzaji wako yuko Marekani na anataka kishika uchumba kabla hujaiona besi yenyewe, nakushauri hivi: hela isitoke mpaka afungue shingo na kava la plastiki, apige picha za ndani, akutumie. Natengeneza magitaa, na hizi Jazz Bass za mwanzo, magitaa ya besi ya kampuni ya Fender, nazipenda mno, ndiyo maana sitaki upigwe.

Ughali wake unatokana na uchache. Jazz Bass ilitoka 1960 ikiwa na nobu (vitufe vya kuzungusha) mbili za ghorofa. Kila pikapu, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ina nobu yake, sauti na toni zimepandana. Kufikia 1962 Fender wakawa wanahamia nobu tatu za kawaida, ingawa za ghorofa zilikuwa bado zipo mwanzoni mwa mwaka huo. Lakini miaka ya 1980 kampuni hiyohiyo ilitoa matoleo ya kuiga besi za 1962, nobu za ghorofa zikiwemo. Mtu akichukua vipuri vya toleo hilo akavichakaza kwa ustadi, picha ya nje haitakwambia kitu.

Ukweli uko ndani. Kwenye kisigino cha shingo, pale panapoingia mwilini, besi ya 1961 huandikwa mwezi na mwaka kwa penseli. Muhuri wa wino ulianza 1962. Kisha soma namba za potenshiometa, kile kifaa cha ndani kinachozungushwa na nobu: ukikuta 3046125, hiyo 304 ni kiwanda cha Stackpole, 61 ni mwaka, 25 ni wiki. Potenshiometa ikiwa changa mno kuliko shingo, huenda imebadilishwa. Namba ya mfululizo iliyo kwenye bati la nyuma usiitegemee sana, kwani namba hizo hazikufuata mpangilio, na bati lenyewe linashikwa na skrubu nne tu, linahamishika.

Jamaa mmoja mpiga besi aliwahi kuniletea kama hiyo, aliuziwa kwa maelezo kwamba kila kitu ni cha asili. Nje ilipendeza kweli. Nilipofungua, kisigino kilikuwa kimepigwa msasa hadi maandishi yakafutika, na lehemu ilikuwa inang'aa kama ya jana. Sauti yake ilikuwa tamu, hilo silikatai, ila bei aliyotozwa ilikuwa ya besi nyingine kabisa. Iliniuma.

Omba pia picha ya kisigino kwa ubavuni. Ubao wa vidole wa 1961, ule uliogundishwa juu ya shingo, ni mnene na chini yake ni bapa, mstari wa kiungo umenyooka. Baadaye mwaka 1962 wakaanza kuupinda. Huo ni ushahidi mzito kuliko nobu. Rangi nayo aimulike kwa taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, sehemu zilizoguswa zitajitenga. Rangi iliyopigwa upya huweza kushusha thamani karibu nusu, kwa hiyo hapo usione aibu kubishana bei.

Kuna jambo wengi hulisahau. Ubao huo wa vidole ni mti wa Brazili, Dalbergia nigra, ukoo mmoja na mpingo wetu, na tangu 1992 uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kuvuka nao mpaka kunahitaji vibali. Mwulize muuzaji mapema nani ataomba kibali cha kuutoa Marekani, nawe uulize kama kunahitajika cha kuuingiza huku, la sivyo forodha wanaweza kulizuia gitaa ukiwa umeshalipa.

Akikutumia picha, ziweke hapa pamoja na namba za potenshiometa, tuzisome wote.