Ukakasi wa zambarau na kopo langu la laki na nusu

Wadau habari za mihangaiko. Leo naongelea polifenoli, yaani kemikali fulani za kwenye mimea, neno ambalo miaka miwili nyuma nilikuwa hata silijui na sasa hivi kila grupu la WhatsApp nililomo kuna mtu anaziuza, mara vidonge, mara unga wa kijani, mara kahawa ya vipakti. Na mimi nilinunua, sijifichi. Laki na nusu kwa kopo moja, na mi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza, kwahiyo mnaweza kupiga hesabu wenyewe hizo ni sketi ngapi za shule. Kopo lenyewe sa hivi nimewekea vifungo.

Aliyeniuzia simtaji, bado tunasalimiana. Aliniambia humo ndani kuna mbegu za zabibu, zinazibua mishipa, zinatoa sumu, zinaongeza damu. Hiyo ya kuongeza damu ndo iliyonimaliza, maana nilikuwa nina mtoto wa miezi minne, kizunguzungu hakiishi, nikipanda ngazi za mawe kwenda nyumbani (wenyeji mnajua vilima vyetu vilivyo) nafika juu napumua kama nimekimbia kutoka Igoma. Nikameza vidonge mwezi mzima. Nikaenda kupima wingi wa damu, tisa nukta moja. Mwanamke asiye mjamzito inatakiwa angalau kumi na mbili.

Nitarudi hapo, kwanza niwaeleze hiki kitu ni nini maana watu wanakiuza kama uchawi.

Umeshakula zambarau? Sio lile lililoiva likalegea, lile la kuiba juu ya mti halijakaa sawa. Unajua ulimi unavyokuwa mzito, meno yanakamatana, mdomo mzima unakauka kama umelamba chokaa. Ule ukakasi ni polifenoli, zile za jamii ya tanini. Zinakamata protini zilizopo kwenye mate, mate yanapoteza utelezi, ndo unasikia ule ukavu. Ndizi mbichi hivohivo, bibo hivohivo, chai ya rangi iliyosahaulika jikoni hivohivo. Na ile rangi inayobaki kwenye ulimi mpaka mama anajua ulikuwa wapi nayo ni polifenoli, inaitwa anthosianini. Wataalamu wameshazitambua zaidi ya aina 8,000, na mmea hautengenezi kwa ajili yetu wala nini, unajikinga na jua, wadudu na magonjwa.

Bibi yangu kule Magu alikuwa analima mtama mwekundu, sisi watoto tunanuna maana ugali wake una ukakasi, tunataka mweupe kama wa jirani. Anasema ng'wanawane (mwanangu), huo mweupe utakula wewe au watakula ndege? Na kweli, kweleakwelea wakishuka shamba la jirani linabaki mabua, la bibi wanalionja wanaondoka. Tanini hiyo. Bibi hakuwahi kusikia neno polifenoli maisha yake yote ila alikuwa anailima.

Kwahiyo vitu vyenye polifenoli tunavyo, tena vya bei ya jero na buku. Kitunguu chekundu cha kwenye kachumbari (usimenye maganda mengi ukatupa, zimejaa zaidi kule nje). Karanga na ngozi yake. Ulezi. Machungwa yanayoshuka na boti kutoka Ukerewe. Chai. Kahawa, na hapa wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Bukoba, wana raha yao kwasababu kahawa yao ya robusta ina asidi ya klorojeniki (nayo ni polifenoli) nyingi kuliko ile ya arabika, na wao wanaitafuna kabisa.

Sasa zinasaidia nini mwilini. Hapa ndo wauzaji wanapotudanganya. Wanasema zinatoa sumu, zinapambana na kutu ya mwili (yaani seli kuchakaa), wanakuonyesha na chati ya namba kubwa kubwa. Zile namba za nguvu ya kupambana na hiyo kutu ni za kwenye mirija ya maabara, Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe ilikuwa na jedwali lake la vyakula na mwaka 2012 wakalitoa kwenye mtandao, sababu mojawapo ni makampuni kulitumia vibaya kuuzia bidhaa. Ukweli ni kwamba ukinywa chai yako sehemu ndogo tu ya polifenoli ndo inaingia kwenye damu mapema, nyingi zinateremka mpaka utumbo mpana, wale bakteria wa kule wanazivunjavunja, na vile vipande vidogo ndo vinaingia mwilini kufanya kazi. Ni kazi ya polepole. Hakuna cha kuzibua kama bomba la sinki.

Ushahidi upo lakini ni wa kiasi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2010, watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda, kama nusu wakapewa chai ya rosela (wengine mnaita choya) vikombe vitatu kwa siku wiki sita, wenzao wakapewa kinywaji cha rangi tu. Presha ya juu ya wale wa rosela ilishuka kama pointi 7, ya wenzao kama 1. Sio kidogo kwa kitu kinachouzwa kwenye kisado sokoni, ila sio dawa ya kumfanya mtu atupe vidonge vyake. Na ule utafiti mkubwa wa kakao, watu zaidi ya 21,000, matokeo 2022, kwa hesabu kuu waliyoipanga, yaani jumla ya matatizo ya moyo na mishipa, tofauti haikutosha kusema imefanya kazi, japo vifo vya moyo vilikuwa pungufu kwa waliokunywa vidonge vya kakao. Muuzaji atakusomea hiyo nusu ya pili tu.

Haya turudi kwenye tisa nukta moja.

Nesi aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, mpole, hakuniuliza habari za mboga kwanza kama nilivyozoea. Aliniuliza, "Mwanangu, chai unakunywa saa ngapi?" Nikacheka. Saa ngapi tena mama, chai si muda wote! Asubuhi chai ya rangi na viazi au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mchana nikimaliza ugali na maharage au dagaa chai ya rangi, jioni tena, maana kwenye cherehani bila chai usingizi unakuja. Nzito, majani ya kutosha, sipendi chai ya kuonea huruma. Akaniambia hapo ndo ulipo mchawi wako.

Ndivyo ilivyo jamani. Zile tanini zinazokamata protini ya mate zinakamata pia madini ya chuma tumboni, hasa yale ya kwenye maharage, mchicha, matembele na nafaka, yanatoka nje bila mwili kuyagusa. Wamepima, chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo inapunguza. Chuma cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana, lakini nani anakula sato kila siku, hata sisi tunaokaa na ziwa dirishani bei tunaisikia tu. Halafu juu ya chai yangu nikaongeza vidonge vya mbegu za zabibu, yaani tanini juu ya tanini, vya "kuongeza damu", na hela nimetoa mwenyewe.

Hakunikataza chai, na hilo ndo nililompendea. Alisema iondoe mezani tu. Nikishakula nisubiri saa moja au zaidi ndo ninywe, na vidonge vya damu alivyonipa nisivimeze na chai wala kahawa kabisa. Na kwenye maharage nikamulie ndimu au nile na chungwa, vitamini C inasaidia chuma kupita hata kama tanini zipo. Nikafanya hivo, vidonge vyake nikameza kama alivyoandika, miezi mitatu nikapima nikakuta kumi na mbili nukta mbili. Siwezi kusema ni chai peke yake, vidonge vilifanya kazi kubwa. Ila kizunguzungu kiliondoka na ngazi za nyumbani sasa napanda nikiwa nimebeba ndoo.

Kwahiyo ushauri wangu kama una mtoto mdogo, kama hedhi yako ni nzito, kama una mimba, au mtoto wako anakula uji wa ulezi na maharage tu, angalia SAA ya chai kabla hujaangalia kitu kingine. Watoto ndo wanaonikera zaidi, mtoto wa mwaka mmoja anapewa chai ya rangi na andazi asubuhi na mchana, tunasema amechangamka. Mtu mzima mwenye damu ya kutosha hana haja ya hofu yote hii, anywe chai yake.

Na hayo makopo. Chakula ni ngumu kukuzidishia polifenoli, kidonge kinaweza. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema 2018 kwamba vidonge vya chai ya kijani vinavyokupa miligramu 800 au zaidi kwa siku za ile katekini yake kuu (aina ya polifenoli) vinahusishwa na dalili za ini kuumia. Kikombe hakikufikishi huko kirahisi. Vidonge vitatu vya asubuhi vinakufikisha kabla hujavaa viatu.

Mama mkwe wangu, anakaa Pasiansi, ana presha na anakunywa dawa. Nilimpelekea rosela, nikamwambia mama dawa usiache, na dakitari wako umwambie unakunywa hii maana nayo inashusha, isije ikashuka kupita kiasi. (Wajawazito rosela muiache kwanza, mpaka muulize kliniki.) Namna ya kupika: maji yachemke, epua, tia kiganja kimoja cha maua makavu kwenye lita moja, funika dakika kumi, chuja. Sukari ndo tulipogombania. Yeye anataka vijiko vinne kwa kikombe, nikamwambia mama hapo tumetengeneza soda, kanijibu kwamba kama ni uchungu tu angekunywa mwarobaini bure uani kwake. Tumekubaliana kijiko kimoja na kipande cha tangawizi. Nikiondoka sijui anaongeza vingapi.