Nywele za Dawa Zinaweza Kukauka Zenyewe Bila Draya na Bado Zikawa Laini

Wadada wengi wanaamini mpaka leo kwamba ukishaweka dawa ya kunyoosha nywele kichwani bas draya na pasi ya nywele ni lazma kila ukiosha, eti usipofanya hivyo zitakauka ngumu zisimame kila upande. Mi naishi huku Uganda, Jinja, mtaa wa Walukuba, nina dawa miaka mingi sasa na draya naigusa mara chache sana, labda kuna nikaha au kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba nyumbani, na muda umebana, na nywele zangu zinakaa laini, watu wanazishika wanauliza nimetengenezwa saluni gani. Ninachotaka kuwaambia ni hiki: nywele za dawa zinakuwa ngumu au laini kutokana na kile ulichozifanyia wakati bado zinachuruzika maji. Zile dakika chache baada ya kusuuza ndio kila kitu. Ukizipitisha hivi hivi, hata uzimwagie nywele kopo zima la mafuta baadaye hazitakuwa laini.

Kwanza tuelewane dawa inafanya nini, maana bila hio utakuwa unafuata maneno tu. Dawa ya kunyoosha ni alkali kali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inafika 12 na kupanda, wakati nywele yenyewe inakaa vizuri kwenye 4.5 mpaka 5.5. Ile alkali inaingia ndani inavunja viunganishi vinavyofanya nywele ijikunje, ndio inanyooka, na havirudi tena mpaka nywele mpya iote. Lakini njiani inaondoa pia ule utando mwembamba wa mafuta ya asili ulioko juu ya kila unywele, ambao kazi yake ni kuyazuia maji. Sasa nywele yako imebaki bila huo utando, inakunywa maji haraka haraka, inavimba, alafu inayaachia haraka vile vile, na yale magamba madogo ya juu yanakauka yakiwa yamesimama. Ukipitisha mkono unahisi mikwaruzo. Draya ikija na pasi inayalaza kwa nguvu ya moto ndio unaona zinang'aa, ila moto nao una gharama yake na sote tunajua ncha zinavyoisha.

Kwa hio kama hutaki moto, lazma kitu kingine kishike nafasi ya ule utando kabla maji hayajatoka. Kitu hicho ni livu-in, ile kondishona ya kuacha kichwani. Mafuta yanakuja baadaye kuyafunga. Hapa ndio watu wengi wanapotea, wanapaka mafuta kwenye nywele zilizokwisha kauka wakidhani wanaongeza unyevu, na mafuta hayana unyevu hata kidogo, unyevu ni maji. Ukifunga mlango nyumba ikiwa tupu umefungia nini?

Maji unayooshea nayo ni habari nyingine, watu hawaiongelei. Wale mnaotumia bohole, kisima kile cha kuchimba, mnajua vile sabuni inakataa kutoa povu, hayo ni maji yenye chokaa na madini mengine, na yanaacha ukoko kwenye nywele. Na kama dawa yako ni ile ya kuchanganya pakiti mbili, isiyo na lai (kostiki soda), yenyewe pia inaacha kalsiamu kichwani, kwa hio unajumlisha chokaa juu ya chokaa alafu unalaumu kondishona. Mvua ikinyesha kinga maji. Hapa kwetu Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba hukosi, jerikani moja ya maji ya mvua inatosha kuosha na kusuuza na utaona tofauti siku hio hio. Kama mvua hakuna na bohole ndio iliyopo, suuza ya mwisho weka siki, vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji, usizidishe. Siki inatoa ule ukoko na asidi yake inasaidia magamba kulala. Harufu inaisha nywele zikikauka.

Mtoto wa dada yangu alimaliza senior six, mwaka wa mwisho wa sekondari, na mnajua shule zetu nyingi wanawanyoa mpaka mwisho, kwa hio kwake nywele ndefu ni kitu kipya kabisa. Vakesheni ikaisha, akaanza kazi kidogo kidogo, nywele zikaota, akaweka dawa. Siku akaja kwangu kichwa kimesimama anakaribia kulia, "Mama mdogo, mbona zangu zimekuwa kama ufagio na zako ziko sawa, si tunanunua mafuta duka moja?" Nikamuuliza ameosha vipi. Akasema sabuni ya mche, akasugua na taulo mpaka zikakauka kidogo, akatoka nje kukaa juani, zilipokauka ndio akapaka mafuta. Nikamwambia kaa hapo kwenye kigoda mwanangu, tunaanza upya.

Tulianza na mafuta ya nazi kabla maji hayajagusa kichwa, kidogo tu, kwenye urefu na ncha, akakaa nayo kama saa nzima akimenya matoke. Nazi nawasisitizia sana. Kuna utafiti wa India uliotoka mwaka 2003 walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ni nazi peke yake iliyopunguza vizuri protini inayotoka kwenye nywele ukiosha, sababu asidi yake ya lauriki ni nyembamba na inaweza kupenya ndani, mengine yanabaki juu. Na nywele ambayo haijavimba sana na maji inakauka ikiwa laini zaidi. Alafu shampuu, ya kichwani tu kwenye ngozi, povu linaloteremka linatosha kusafisha ncha. Sabuni ya mche ni ya nguo, ina alkali, inafungua tena yale magamba tunayohangaika kuyalaza.

Kondishona usiionee uchoyo. Paka mpaka kila fungu la nywele liteleze, funika na kavera safi, mfuko wa plastiki, acha dakika ishirini mpaka nusu saa, joto la kichwa linafanya stimingi yenyewe. Na hapo hapo ikiwa na kondishona ndio unachana, kitana cha meno mapana, kuanzia ncha unapanda juu pole pole. Nywele iliyolowa ni dhaifu kuliko ilivyo kavu na ya dawa ni dhaifu zaidi, ukisubiri uchane baada ya kusuuza utasikia tap tap tap, huo ni mkatiko.

Sasa zile dakika zenyewe. Tumesuuza, maji yanachuruzika mgongoni. Nilichukua tisheti ya pamba ya zamani, zile za mivumba (mitumba) laini zilizofuliwa mpaka zikalegea, nikafunika kichwa chake nikakamua kwa viganja, kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, bila kusugua. Taulo lina vijishikizo vyake vile vidogo vinakwaruza, tisheti inakunywa maji tu. Unaacha pale nywele zimeacha kudondosha lakini ukizifinya vidole bado vinalowa. Hapo hapo, usiende kupokea simu, livu-in. Nikagawa kichwa mafungu manne, kila fungu kiasi cha kijiko cha chai, nikaweka kwenye viganja nikasugua viganja pamoja kwanza, alafu nikazibana nywele katikati ya viganja viwili nikateremka kuanzia juu mpaka ncha, nikarudia. Unajua imetosha vipi? Unywele unabadilika chini ya mkono, mwanzo unakwaruza kidogo kidogo, ukiteremka mara ya pili ya tatu unateleza mpaka mwisho bila kusimama. Kama bado unasimama mahali rudia mahali pale. Baada ya hapo ndio mafuta, matone machache yakimeta tu kwenye viganja, kwenye ncha zaidi kuliko juu. Ukizidisha zinakauka nzito na zinakusanya vumbi lote la barabarani.

Kukamua maji kwanza kuna sababu ya pili. Watu wanafikiri kukausha kwa hewa hakuna madhara yoyote, na si kweli moja kwa moja. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walilinganisha nywele zilizokaushwa kwa draya na zile zilizoachwa zikauke zenyewe, wakakuta moto unaharibu juu zaidi, lakini zile zilizokaa na maji muda mrefu ziliharibika ile gundi ya ndani inayoshikilia seli za nywele. Walitumia nywele za kwao sio zetu, lakini mi somo nimelichukua, nywele isikae imelowa chapa chapa nusu siku. Kamua vizuri na usioshe saa tatu usiku ukalale nazo mbichi. Osha asubuhi ya siku ya mapumziko, kufika mchana zimekauka.

Zikauke zikiwa zimekaa vipi? Hapa ndio unachagua sura ya nywele zako. Ukiziacha wazi zinapeperuka tu, zinakauka zimevimba juu na nyembamba chini. Mi napenda kuzungusha, yaani unazichana zote kuzunguka kichwa kufuata umbo lake, unafunga na skafu nyepesi ama wavu, zinatoka zimenyooka na kung'aa. Mtoto wa dada yangu anapenda mawimbi kwa hio yeye tunamfunga mabutu sita au nane makubwa, siku nyingine anasuka mikia miwili tu analegeza. Rola kubwa nazo nzuri kama una uvumilivu. Na kama umefika wiki ya nane au ya kumi tangu uweke dawa na mizizi imeota, chukua skafu ya satini ikunje iwe kama mkanda, ifunge kuzunguka paji la uso mpaka kisogoni nusu saa hivi, mizizi inalala bila kuivuta. Usivute kabisa pale nywele mpya zinapokutana na za dawa, hapo ndio panakatika kuliko sehemu zote.

Alafu mikono mbali! Ukishapanga usishike, usichane, usifungue kuangalia kama zimekauka, maana kila ukizitikisa zikiwa nusu kavu unayanyanyua yale magamba na nywele zinafutuka. Shika zikiwa kavu kabisa kabisa, mpaka katikati ya butu. Na bodaboda na nywele mbichi hapana jamani, ule upepo unazikausha kwa mafundo na vumbi la Iganga Road linakwama kwenye livu-in, helmeti nayo inazibana vibaya. Kama lazma utoke funga kilemba kwanza.

Hali ya hewa muiangalie pia. Huku Jinja na Kampala karibu na ziwa hewa ina unyevu, livu-in yenye glisirini inafanya vizuri maana glisirini inavuta maji ya hewani. Lakini nikienda Gulu, kule kaskazini, Januari, kiangazi kimekaza na upepo mkavu, hio hio glisirini inaniachia nywele kavu zinazonata, kule naiacha nyumbani nafunga na mafuta ya shea. Na shea ya kwetu kaskazini, ile Waacholi wanaita moo yaa, ni tofauti na ya Afrika Magharibi, ina asidi ya oleiki nyingi, ile inayofanya mafuta yawe laini, kwa hio ni laini yenyewe, inayeyuka kwenye kidole bila kuipasha moto. Inaniuma sana kuona ile miti inakatwa makaa wakati mti wenyewe unachukua miaka mingi kuanza kuzaa. Nunua ile isiyochanganywa, ina harufu kidogo ya moshi na karanga, na kiasi cha punje ya mahindi kinatosha kichwa kizima.

Siku za katikati usizilowanishe kila siku, kulowa na kukauka kila mara kunachosha nywele. Usiku chukua maji kidogo sana kwenye vidole na tone la livu-in, gusa ncha na pale panapohisi pakavu, funga zungusha, satini juu. Foronya ya pamba inakunywa unyevu wote ulioutafuta. Na kama umefuata yote haya na bado zinakauka ngumu kama kijiti, soma kopo lako la livu-in au la kondishona, mara nyingi utakuta keratini au protini mwanzoni mwa viungo. Protini inasaidia nywele za dawa lakini ikiwa kila wiki inazikakamaza, badilisha upate ya unyevu tupu, ya protini iwe mara moja moja tu, hasa baada ya kuritachi, yaani kupaka dawa upya kwenye mizizi.

Saluni nao wanasikia ukiwaambia vizuri. Wengi wanakukimbizia chini ya draya sababu kuna foleni, sio kwa ubaya. Mi nikifika namwambia dada mapema kabla hajaanza kuosha, "Dada yangu, leo nikamulie na tisheti nimekuja nayo, unipake livu-in ningali nimelowa, univiringe rola kubwa na wavu, nitakaa hapo nje kwenye benchi, we endelea na wengine." Kiti cha draya kinabaki wazi kwa mteja mwingine, yeye anafurahi na mimi nakauka pole pole. Kama haraka ni kubwa kweli na lazma draya, muombe aweke hewa ya baridi, na aanze baada ya dakika kama thelathini za kukaa na rola, maji mengi yakiwa yameshatoka.