Je, Mjane Mwenye Virusi vya Ukimwi Anazuiliwa Kumrithi Mumewe?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane, nina watoto wawili, wa kiume na wa kike. Niligundulika kuwa na VVU kwenye kliniki ya wajawazito nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Mume wangu alikataa kupima mpaka alipozidiwa, na hatimaye akafariki. Eda ilipokwisha, shemeji zangu waliitisha kikao, na ustadhi waliyemwalika akasema kuwa mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa huu, kwamba ni ugonjwa wa wazinifu, na kwamba nimemuua mume wangu na muuaji harithi. Wanataka niondoke, watoto wabaki kwa bibi yao nisije nikawaambukiza. Kikombe changu wamekifunga uzi mwekundu ili mtu mwingine asikinywee, na dawa zangu nazimezea chooni. Je, ni kweli sina haki? Na yupo mtu anayetaka kunioa. Je, inajuzu, na ni lazima nimweleze?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, akupe subira na akuafu. Nimelitanguliza swali lako mbele ya mengine kwa sababu ulichoambiwa kikaoni kimesemwa kwa jina la sheria, na maneno ya namna hiyo yakinyamaziwa, kesho atanyimwa nayo mjane mwingine.

Unamrithi mumeo. Maadamu ameacha watoto, fungu lako ni thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa nassi ya aya ya 12 ya Suratun Nisaa, na fungu hilo hakulipanga kadhi wala ukoo hata wawe na uwezo wa kulifuta.

Dhulma hii si ngeni. Saad bin Rabii alipouawa shahidi katika vita vya Uhud, ndugu yake alichukua mali yote, hakumwachia kitu mjane wala mabinti wawili wa marehemu. Mjane yule alikwenda na wanawe kwa Mtume (s.a.w.) akashitaki, zikateremka aya za mirathi, na Mtume akamwita yule ammi akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki ndicho chake. Basi usione haya kudai. Mwanamke aliyekutangulia alisimama kudai jambo hili hili mbele ya Mtume mwenyewe, naye hakumwambia kuwa amekosa adabu kwa wakwe zake.

Sasa nirudi kwa ustadhi. Kwamba muuaji hamrithi aliyemuua ni kweli na hatubishani naye. Tunabishana naye pale alipokuita wewe muuaji. Kuua ni tendo linalothibitishwa kwa ushahidi au kwa kukiri, naye hakuwa na hili wala lile. Alichokuwa nacho ni habari kwamba wewe ndiye uliyejulikana kwanza kuwa na virusi, na kujulikana kwanza hakumaanishi kuambukizwa kwanza. Wanawake wengi hujulikana kabla ya waume zao kwa sababu moja tu: mjamzito hupimwa akienda kliniki, na mwanamume hubaki nyumbani akisema hana tatizo. Virusi hivi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, na majibu ya kipimo yanasema kwamba vipo, hayasemi vimetoka kwa nani. Mumeo alikataa kupima. Kwa ushahidi gani, basi, ustadhi amejua nani alimwambukiza nani? Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Israa, aya ya 36, usifuate jambo usilo na ujuzi nalo.

Na hata tukimkubalia kwa ajili ya mjadala tu kwamba maambukizi yalitoka kwako bila wewe kujua, hoja yake bado haisimami. Wanachuoni wametofautiana kuhusu anayeua kwa kukosea na anayesababisha kifo bila kukitenda kwa mkono wake. Kwa Mahanafi, aliyesababisha tu hazuiliwi urithi, na kwa Malik, aliyeua kwa kukosea hurithi mali ingawa hapati fungu katika diya, yaani fidia ya damu. Mashafi ndio waliokaza zaidi, na labda ustadhi ameshikilia kauli yao. Lakini sijapata kuona mwanachuoni wa madhehebu yoyote aliyemnyima urithi mume ambaye mkewe amefariki akijifungua, ingawa mimba ilikuwa yake na mauti yalipitia humo. Tendo la ndoa ni halali, na jambo lisilojulikana lililopitia katika halali haliitwi kuua. Angalikuwa mwadilifu katika kipimo chake, ustadhi angaliwanyima urithi waume wengi kabla hajafika kwako.

Ama neno lake la pili, kwamba huu ni ugonjwa wa wazinifu, hilo ni zito kuliko la kwanza, na nina wasiwasi kwamba hakulipima alipolitamka. Virusi hupita katika damu, katika wembe na sindano, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kutoka kwa mume kwenda kwa mke wake wa halali ambaye hajamjua mwanamume mwingine. Kumtuhumu mwanamke zina kwa sababu ya ugonjwa wake ni kumsingizia, na Suratun Nur katika aya ya 4 imemtaka anayesema hivyo alete mashahidi wanne, na asipowaleta ameandikiwa viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Hata mumeo mwenyewe angekutuhumu, asingeweza kufanya zaidi ya kula viapo vya lian, yaani viapo vya mume anayemtuhumu mkewe zina bila mashahidi, naye amekufa hakusema neno. Ndugu zake hawawezi kumlia viapo kaburini. Zaidi ya hayo, vizuizi vya urithi vinajulikana kwa kila aliyesoma faraidhi, yaani elimu ya mirathi: kuua, kutofautiana dini, na utumwa. Zina, hata ikithibiti, haimo. Ajabu ni kwamba watu hawa hawa wakisimama mimbarini hutusomea kisa cha Nabii Ayubu na ugonjwa wake mpaka tunatoa machozi, kisha wakishuka wanaufanya ugonjwa kuwa hati ya mashitaka. Mtume (s.a.w.) alimkuta Ummu Saib akitetemeka kwa homa na kuilaani, akamkataza, akamwambia kuwa homa huondoa madhambi ya wanadamu kama mvukuto wa mhunzi unavyoondoa uchafu wa chuma. Hakumuuliza ameipata wapi.

Kuhusu mali yenyewe, uyajue haya kabla hujakubali kikao kingine. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na madeni, na mahari yako kama hayajalipwa ni deni kama madeni mengine, kisha wasia. Vitu ulivyonunua kwa fedha yako si mirathi kabisa. Kama warithi ni wewe, watoto wako wawili na mama wa marehemu, na baba yake hayupo, mali inagawanywa mafungu 72: wewe 9, mama mkwe 12, mtoto wa kiume 34, wa kike 17. Shemeji zako umeona hawamo. Mtoto wa kiume amewazuia, na hao waliokaa kuamua urithi wako hawana hata fungu moja katika mali wanayoigawa. Usitie sahihi karatasi yoyote. Nenda kwa kadhi ukiwa na cheti cha ndoa, cha kifo na vya kuzaliwa watoto, na ufuatane na kaka yako au mtu mzima unayemwamini.

Watoto wana haki ya kubaki nawe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, yaani baraza la wanachuoni wa sheria, katika kikao chake cha Abu Dhabi mwaka 1995, ilikwisha kueleza kwamba virusi hivi haviambukizi kwa kuishi pamoja, kugusana wala kushirikiana chakula, kwa hiyo kumtenga mgonjwa hakutakiwi kisheria, na mama hakatazwi kulea wala kunyonyesha maadamu ripoti ya daktari haijamzuia. Ule uzi ufungue. Na ikiwa mama mkwe wako bado ana hofu, mwombe afuatane nawe kliniki siku moja amsikilize muuguzi, kwani mara nyingi bibi huogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza kwa upole.

Kuhusu ndoa, inajuzu, na ni lazima umweleze anayekuposa kabla ya akdi, kwani kumficha ni kumghushi. Yeye ndiye mwenye haki hiyo. Mawifi, majirani na waumini wa msikiti hawana. Nendeni pamoja kwa daktari, mkamwombe awaeleze kuhusu wingi wa virusi, kwa maana Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba anayemeza dawa sawasawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Akiridhia baada ya kujua, akuoe kwa baraka za Mwenyezi Mungu. Nasaha yangu, na hii si hukumu, ni kwamba umalize mirathi kwanza, kwa sababu imepokewa kwamba mama ana haki zaidi ya mtoto wake maadamu hajaolewa, na shemeji wanaotafuta sababu wataishika hiyo siku ya kwanza.

Dawa usiziache hata siku moja, na Ramadhani isikutie shaka: kama unameza mara moja kwa siku, muulize daktari akupangie saa ya usiku, baada ya futari au wakati wa daku. Na toka chooni, dada yangu. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kujitibu, basi zimeze mezani, useme Bismillahi.

Wallahu aalam.