Dawa Haiingii Mwilini kwa Kutajwa: Kwa Wanafunzi wa Ukunga Wanaoanza Mazoezi ya Dharura

Wadogo zangu, juma lililopita nilikaa pembeni ya maabara ya stadi nikiwatazama mkimhudumia mama anayetoka damu baada ya kujifungua, nikauma ulimi ili nisiharibu zoezi la mkufunzi wenu. Mkufunzi alikuwa amevaa tumboni MamaNatalie, mdoli wa kufundishia uzalishaji, damu ya kuigiza ikichuruzika hadi sakafuni, na mwenzenu mmoja, mikono ameifumbata kifuani, akatangaza kwa sauti ya kusoma risala: "Ninasugua mfuko wa uzazi, ninachoma oksitosini yuniti 10 kwenye msuli, ninaweka dripu." Maneno yote yalikuwa sahihi, kwani oksitosini ndiyo dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ila hakugusa kitu.

La kwanza, basi, acheni kusimulia. Vunjeni ampuli, hata kama ndani yake mna maji tu, kwa maana kioo huteleza glavu zikilowa, na hilo halimo katika daftari la mtu. Asidi traneksamiki, dawa ya kusaidia damu ikatike, gramu 1, huingizwa mshipani polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue; anayeitaja tu kwa maneno kwa sekunde mbili hatambui kwamba kwa dakika hizo zote mtu mmoja amefungwa na sindano, na tumbo linahitaji mkono wa mwingine.

La pili ni kutoa maagizo, na hapa sina pa kujificha. Nikiwa mgeni kazini katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, nilikuwa zamu ya usiku pamoja na mkunga mwenzangu na msaidizi wa wodi, na mama mmoja wa uzao wa tano akaanza kutoka damu mara tu kondo la nyuma lilipotoka. Hatua zote nilizijua kwa moyo. Nikapaza sauti, "Jamani, leteni oksitosini!" Chuoni kelele hiyo ilitosha, kwani dawa ilikaa kwenye trei kando ya mdoli, lakini kituoni ilikuwa kwenye friji, chumba cha pili, na kwa kuwa sikumtaja mtu kwa jina, wenzangu wakakimbia wote wawili. Wakakuta mlango umefungwa. Nikawasikia wakiulizana ufunguo uko kwa nani, na papo hapo nikaugusa mfukoni mwa gauni langu, nikauondoa mkono tumboni mwa mama na kuwafuata. Tukawa watatu mbele ya friji, na mgonjwa yuko peke yake kitandani. Aliyetuita ni mama mkwe wake, aliyechungulia ukumbini akasema kwa adabu inayoniuma mpaka leo: "Basawo (yaani wahudumu wa afya), huku nako kuna mtu." Niliporudi, shuka lilikuwa limelowa hadi kwenye godoro, na mfuko wa uzazi ulikuwa mlegevu kama unga uliozidishiwa maji. Tulisugua, tukachoma dawa, tukaweka dripu na kumpa rufaa, na alipona. Alipomleta mtoto kwa chanjo ya wiki ya 6 alinisalimu kwa furaha ambayo sikuistahili.

Kwa hiyo tajeni jina, tajeni kazi, na msubiri aliyetajwa aitikie kwa kuirudia. Na ufunguo wa friji haukai mfukoni mwa mtu.

La tatu, semeni na mama. Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, wajawazito wengi wanatoka upande wa Malaba, mpakani na Kenya, na Kiswahili wanakielewa vizuri, lakini ninyi mnajadiliana kwa Kiingereza juu ya kifua chake kana kwamba ni meza.

Kwa kifafa cha mimba: kabla ya kila dozi inayofuata ya magnesiamu salfeti, hesabuni pumzi, gongeni goti muone kama mguu unaruka, pimeni mkojo, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kukabili magnesiamu ikizidi, iwe karibu.

Mtoto asiyepumua hupewa pumzi ndani ya dakika ya kwanza, takriban 40 kwa dakika, na kifua kiinuke. Kisipoinuka, rekebisheni kichwa na barakoa kabla ya kulaumu begi la kupulizia hewa. NeoNatalie, mdoli wa mtoto mchanga, hujazwa maji ili awe na uzito wa mtoto, kwa hiyo sioni sababu ya kumbeba kwa mguu mmoja.

La mwisho ni mjadala wa baada ya zoezi, ambao mmeugeuza kuwa mahakama. Kijana mmoja, ambaye nampenda kwa bidii yake, alishikilia kwamba mdoli ameharibika kwa sababu damu ilikataa kukatika. Mdoli alikuwa mzima. Mkufunzi ndiye aliyeulegeza mfuko wa uzazi kwa makusudi, akisubiri mtu ausugue, na angeweza kusubiri hadi saa ya chakula.

Jumatatu ni kukwama kwa mabega ya mtoto wakati wa kuzaliwa. Njooni mmekata kucha.