Breki za Volkswagen Beetle ya 1965 kuvuta kushoto

Kaka, kama umeshaweka brekishuu mpya na gari bado linavuta kushoto ukikanyaga breki, usianze na gurudumu la kushoto. Mara nyingi mgonjwa ni la kulia, halishiki. Fungua dramu (bakuli la chuma linalofunika breki) ya mbele kulia, inua kidogo kiraba cha vumbi cha silinda ndogo inayosukuma brekishuu. Ukiona unyevunyevu, silinda inavuja, na lainingi (utando wa brekishuu unaosugua dramu) iliyokwishalowa mafuta ya breki haifai tena hata ukiipiga msasa.

Silinda ikiwa kavu, shuku hosi, yaani mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani huku nje inapendeza kabisa. Badilisha zote mbili za mbele kwa pamoja.

Dramu yenye mitaro ipelekwe kwa fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) aisawazishe, Katwe hapa Kampala hawakosekani, lakini kwanza soma kipimo cha mwisho cha upana wa dramu kwenye kitabu cha gari. Ikishapita hapo, tafuta nyingine. Nzuri na chakavu zote utazikuta Kisekka, kwenye soko la vipuri, zikiwa zimepakwa rangi ileile, kwa hiyo nenda na kalipa yako ya kupimia upana.

Lile vumbi jeusi usilipulize kwa kompresa! Lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lowesha, kisha ufute kwa kitambaa cha kutupa.

Mwisho kaza nyota za kurekebishia brekishuu hadi gurudumu lishikwe, rudisha taratibu mpaka lizunguke huru, halafu toa hewa kwenye mafuta ya breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu ya breki.